Filamu za Vugiri zirudi nyumbani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu wa barua ili nami nitoe orodha yangu ya filamu. Kila mwaka unapokwisha wasomaji huletewa orodha za filamu mpya: ya kwanza hii, ya pili ile, na ile nyingine imeharibu fedha za watu. Orodha hizo sizipingi, na baadhi yake huzisoma kwa furaha. Lakini kuna mwaka mmoja ambao sijapata kuona gazeti lolote likiupangia filamu zake, nao ni mwaka ambao filamu za Afrika Mashariki hazikutengenezwa Nairobi wala Dar es Salaam, bali zilitengenezwa katika milima yetu ya Usambara, mahali panapoitwa Vugiri.

Wananchi wengi nikiwaambia habari hii hucheka. Vijana wao wanajua kwamba filamu ya Tanzania ilianza na marehemu Kanumba. Wenye umri wa kati watakutajia "Girlfriend" ya mwaka 2003, na wazee kidogo watakutajia Kampuni ya Filamu Tanzania ya baada ya uhuru. Vugiri haimo. Hata hapa Lushoto, ambako kila mtu anaweza kukuonyesha jengo la Mjerumani na kukuambia kwamba mji huu uliitwa Wilhelmstal, ni nadra kumpata mtu wa kukusimulia habari za senema ya Vugiri. Najua wenzetu wa Korogwe watasema Vugiri ni ya kwao, haina uhusiano na Lushoto. Ni kweli, kwa mipaka ya wilaya. Lakini mlima ni mmoja, na ukungu wake ni mmoja.

Habari yenyewe ni hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi ambao jina lake kwa Kiswahili ni Jaribio la Senema ya Elimu kwa Wabantu. Fedha nyingi zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Mradi ulikuwa chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, na mkuu wake alikuwa Mmarekani J. Merle Davis. Upande wa elimu alikuwapo G. C. Latham, aliyepata kuwa mkuu wa elimu ya Waafrika katika nchi ambayo leo ni Zambia. Fundi mwenyewe wa picha alikuwa Meja L. A. Notcutt. Huyu bwana alikuwa amesimamia mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikopata wazo kwamba kibarua akionyeshwa senema jioni atatulia kazini. Naomba msomaji asilisahau jambo hilo, maana lina maana kubwa mbele ya safari.

Makao makuu yakawa Vugiri. Hapo walipiga picha, wakazisafisha, wakazikata na kuziunga. Katika muda huo wa miaka miwili hivi walitoa filamu fupi 35. Hesabu hiyo si ndogo hata kwa leo. Zilikuwa picha zisizo na sauti ndani yake. Sauti ilirekodiwa mbali katika sahani za santuri, ili picha moja iweze kusemeshwa kwa lugha nyingi. Kisha lori likapakiwa projekta, kitambaa cheupe na mashine ya umeme, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1937 fedha zilikwisha, serikali za kikoloni zikakataa kuendelea kuchangia, na jaribio likafa. Notcutt na Latham waliandika kitabu juu ya kazi yao, kikatoka mwaka huo huo wa 1937.

Sasa nazipanga. Mwaka wangu utakuwa mrefu kidogo kuliko mwaka wa kalenda, kwa sababu kazi yenyewe haikuanza Januari wala kuisha Desemba. Majina ya filamu yalikuwa ya Kiingereza, nami nayatia Kiswahili ili tuelewane. Wala sizipangi zote 35. Nachukua zile ambazo mtu wa milimani ana haki ya kuzisemea.

Naanzia mkiani, kwenye ile iliyoitwa "Kodi". Shabaha yake ilikuwa kumweleza Mwafrika kwamba shilingi anazotoa zinamrudia kwa njia ya huduma za serikali. Kama somo, si baya. Hata leo tunaambiwa hivyo hivyo, na mara nyingine ni kweli. Lakini mtazamaji wa Usambara wa wakati ule alikuwa na habari nyingine juu ya kodi ambayo haikuwamo ndani ya filamu. Mjerumani alianza kodi ya nyumba mwaka 1898, na mwaka 1907 hapa hapa katika wilaya ya Wilhelmstal akaleta kipande: kila mwanamume abebe kadi, na katika kila miezi minne afanye kazi siku 30 kwa Mzungu. Mwingereza alipokuja alikiondoa kipande kile lakini kodi akaiacha, na kodi peke yake ilitosha kumtoa mtu mlimani akashuke nyika kukata mkonge. Hivyo aliyeketi chini kuangalia filamu ya "Kodi" alikuwa anajua vizuri sana kodi ni nini. Na katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika hapakuwa na Mwafrika hata mmoja mpaka mwaka 1945. Filamu inayomweleza mlipaji faida ya kulipa, huku mlipaji hana kiti panapoamuliwa fedha zitumikeje, nitaipa nafasi gani? Naipa ya mwisho, na hata hiyo naitoa kwa huruma.

Juu yake naiweka "Benki ya Akiba ya Posta". Hii ni miongoni mwa filamu za kwanza kabisa za Vugiri, na kwa upande wa hadithi ndiyo iliyonichekesha zaidi. Watu wawili wamepata fedha. Mmoja anazifukia nyumbani kwake, mwizi anaziiba. Wa pili anazipeleka posta, zinabaki salama. Basi. Mjinga na mwerevu. Msomaji anayependa filamu zetu za siku hizi atatambua mara moja kwamba mifupa hii anaifahamu: dada mpole na dada mwenye tamaa, kaka wa kijijini na kaka wa mjini. Hadithi ya namna hii haikuletwa na Notcutt. Bibi zetu walikuwa nayo kabla hajazaliwa, na sungura na fisi wameiigiza tangu zamani. Ninachosema ni kwamba kamera ilipofika Afrika Mashariki ilikwenda moja kwa moja kwenye hadithi hiyo, na mpaka leo haijatoka hapo.

Lakini nina ugomvi nayo. Yule aliyefukia fedha kwa nini ameitwa mjinga? Fikiria mtu wa Mtae au wa Mlalo katika mwaka 1935. Posta ilikuwa wapi? Ateremke mlima kwa miguu, apange foleni mbele ya karani asiyeijua lugha yake, apewe kitabu kilichoandikwa lugha asiyoisoma, kisha siku mtoto akiugua usiku ateremke tena kwenda kuzitoa. Fedha iliyo chini ya kitanda ilikuwa karibu, na mtu mwenye mgonjwa anahitaji fedha iliyo karibu. Benki ile ya Posta yenyewe imepita mengi, na tangu mwaka 2021 inaitwa Benki ya Biashara Tanzania. Lakini mkulima wa kabichi wa Lukozi hakuacha kufukia fedha kwa sababu ya filamu. Aliacha siku fedha zilipoingia katika simu yake mfukoni, yaani zilipokuwa karibu naye kama zile za chini ya kitanda. Mtengeneza filamu angemuuliza tu kwa nini anafukia, angepata filamu bora kuliko hiyo.

Filamu ya "Mafunzo ya Tiba ya Mifugo kwa Waafrika", ya mwaka 1936, naiweka katikati bila maneno mengi. Inaonyesha vijana wetu wakijifunza kazi ya kutibu ng'ombe. Mimi napenda filamu inayomwonyesha mtu akifanya kazi na mikono yake ikijua inachofanya, na kwa hilo tu imewazidi wajinga na werevu wote.

Nafika kwenye ile iliyonikalisha sana, nayo ni "Mmomonyoko wa Udongo". Yeyote aliyepanda kutoka Mombo kuja Soni wakati wa masika hahitaji senema kumwonyesha kitu hicho. Mto unashuka ukiwa mwekundu kama damu ya samli, na huo ni udongo wetu unakwenda zake Bahari ya Hindi. Hivyo filamu hiyo ilikuwa na ukweli. Mashamba ya mteremko mkali, mvua kubwa, watu wanaongezeka, ardhi nzuri imeshikwa na walowezi, misheni na misitu ya serikali. Mkulima analima mpaka kwenye jabali. Filamu ya kumfundisha namna ya kuzuia maji ni filamu ya haki kabisa.

Tatizo ni kilichofuata. Miaka kumi baadaye, mwaka 1946, somo lile lile lilikuja Mlalo, safari hii halikuja kwa lori la senema. Lilikuja na sheria. Kila mtu apige matuta katika shamba lake, na asiyepiga atozwe faini. Wazee wa hapa hawakuhitaji kuelezwa matuta ni nini. Waliyachimba kwa migongo yao, na zaidi ni akina mama, kwa sababu wao ndio waliokuwa na jembe kila siku. Waliokuwa wakiazima shamba kwa jirani waliona taabu kubwa zaidi, kwani nani atamwazima mtu shamba lenye matuta ya kudumu, au nani atachimba matuta katika shamba lisilo lake? Hayo hayakuulizwa. Watu wakakataa. Walishitakiwa, walitozwa faini, wakaendelea kukataa, na chama cha TANU kilipopanda milimani kikakuta moto umekwishawashwa. Kufikia mwaka 1957 na 1958 mpango mzima ukaachwa.

Naieleza habari hii kwa urefu kwa sababu inanisaidia kuipima filamu. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli kabla ya matuta, wakati wa matuta na baada ya matuta. Mwaka 1981 serikali yetu pamoja na Wajerumani walianzisha hapa mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti, SECAP, na mpaka leo unaweza kuona majani ya tembo yamepandwa kwa mistari kukata mteremko. Somo ni lile lile, udongo ni ule ule, na mkulima amekubali sehemu kubwa kwa sababu majani yale analisha ng'ombe wake aliye bandani. Kwa hiyo filamu ya Vugiri ilisema kweli juu ya udongo ikanyamaza juu ya mwenye shamba. Naipa nafasi ya tatu.

Ya pili ni "Mashamba ya Wakulima wa Kiafrika: Jaribio la Kingolwira", ya mwaka 1936. Kingolwira iko karibu na Morogoro, na huko serikali ya kikoloni ilijaribu kuwapa wakulima wa Kiafrika mashamba, kila familia na lake, ili ione watalimaje. Ukiondoa majivuno ya mwenye kutoa, ndani ya filamu hiyo kuna jambo ambalo sidhani kwamba watengenezaji walikusudia kulisema: kwamba mkulima akipewa ardhi ya kutosha hahitaji kusukumwa. Wasambaa wa mwaka ule wangeiangalia filamu hiyo kwa wivu. Wangeuliza, "Sisi je?" Filamu inayomfanya mtazamaji aulize "sisi je" imefanya kazi yake, hata kama mwenye filamu hakupenda swali hilo liulizwe.

Na ya kwanza ni "Safura". Huu ni ugonjwa wa minyoo inayopenya katika nyayo za mtu asiye na viatu, ikaingia tumboni na kunyonya damu mpaka mtu anakuwa mweupe viganja, anapumua kama mzee, na jirani wanamwita mvivu. Filamu ilionyesha mgonjwa, ikaonyesha minyoo yenyewe, ikafundisha dawa na choo. Naiweka juu kwa sababu iliyo nyepesi kabisa: aliyeifuata alipona. Choo kilichochimbwa kwa sababu ya kodi au kwa sababu ya safura ni choo, lakini hiki cha safura mtu alikichimba akijua kwa nini. Miaka mingi baadaye, mwaka 1973, tulipokuwa katika kampeni ya Mtu ni Afya, tukikaa vikundi vikundi kuzunguka redio na kisha kwenda kuchimba vyoo, tulikuwa katika njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye kusema na mwenye kusikia walikuwa wa nchi moja, na baada ya kipindi tuliruhusiwa kubishana.

Dosari yake nayo niiseme. Minyoo ya safura ilikuwa inashamiri sana penye kambi za vibarua, watu wengi wamelazwa mahali padogo bila vyoo. Kumwambia mtu wa kijijini avae viatu na achimbe choo ni vizuri. Kumwambia mwenye shamba la mkonge ajenge vyoo kwa vibarua wake ingekuwa vizuri zaidi. Lakini Meja Notcutt alitoka huko huko kwenye mkonge, na senema ilibuniwa ili kibarua atulie.

Nimesikia pia ile hadithi waliyopenda sana kuisimulia watu wa senema za kikoloni, kwamba Mwafrika akionyeshwa mbu mkubwa kwenye kitambaa husema, "Ah, mbu wa kwenu ni wakubwa, wa kwetu ni wadogo, hawana neno." Hadithi hiyo imesimuliwa katika nchi nyingi mno, kila msimulizi akidai iliwatokea watu wa kwake, nami naona kwamba ama ilitungwa, ama mzee fulani alikuwa anawafanyia mzaha na wao wasijue. Mtu wa nchi hii huwa hakosi la kumjibu bwana mkubwa.

Sasa, Ndugu Mhariri, kuna jambo moja la Vugiri ambalo nalisifu bila kinyongo. Ni zile sahani za santuri. Walielewa kwamba mtazamaji ni lazima asemeshwe kwa lugha yake, na kwamba sauti ya msimulizi ni nusu ya filamu. Ukiingia katika banda la video leo, hapa Lushoto au Mombo au popote, ukakuta picha ya Kichina au ya Kihindi inatafsiriwa na kijana mwenye maneno mengi kuliko waigizaji wote, au ukasikia mkanda wa zamani wa Lufufu, ujue unamsikia mjukuu wa santuri ile ya Vugiri. Wasomi hudharau kazi hiyo. Mimi siidharau. Msimulizi mzuri wa banda la video huwaeleza watu kwa nini jambo linatokea, hutania wenye nguvu, na huwarudisha mkononi watazamaji waliokuwa wanataka kutoka. Na Vugiri sauti hizo zilikuwa za Waafrika. Waliigiza Waafrika, wakasoma Waafrika, na majina yaliyo juu ya jalada la kitabu ni Notcutt na Latham.

Hapo ndipo penye dukuduku langu. Baada ya Vugiri walikuja watengenezaji wengine, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 ikatengenezwa hapa Tanganyika "Muhogo Mchungu". Mwigizaji wake tunamjua kwa jina, kwa sababu alikuwa Ndugu Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu wetu. Kama asingeingia katika siasa, je, tungelikumbuka jina lake kwa sababu ya filamu? Nina shaka. Waliotangulia kuigiza Vugiri hawakuwa mawaziri. Walirudi mashambani. Yule mjinga aliyefukia fedha, yule mwizi, yule mgonjwa wa safura, walikuwa watu wenye majina, wake, watoto na makaburi, na makaburi hayo hayako mbali na hapa ninapoandika. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi alipoiona kamera mwaka 1936, leo akiwa hai anakaribia umri wa miaka mia.

Katika filamu zote zile, zilizobaki na kujulikana ni chache mno. Tatu nilizozitaja, ya safura, ya mifugo na ya Kingolwira, zimehifadhiwa London katika hazina ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Siwalaumu kwa kuzitunza. Kama zingekuwa kwetu pengine zingekuwa zimeliwa na unyevu kama ilivyoliwa mikanda mingi ya miaka ya sabini na themanini. Lakini kutunza picha ya mtu bila kumwonyesha mwenye sura ni kazi iliyofanyika nusu. Pale London mtaalamu anaweza kueleza vizuri sana aina ya kamera iliyotumika. Hawezi kusema, "Huyu ni mjomba wake mama." Mtu wa kusema hivyo yuko Vugiri, Bungu au Kingolwira, na kila mwaka wanapungua.

Naomba basi Bodi ya Filamu Tanzania, pamoja na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, wafanye jambo ambalo si la gharama kubwa. Waombe nakala. Siku hizi nakala haihitaji meli. Inaingia katika kitu kidogo kuliko kidole. Kisha wazionyeshe, si katika ukumbi wa hoteli Dar es Salaam mbele ya waheshimiwa na maji ya chupa, bali katika uwanja wa shule huko Vugiri, na Korogwe, na Lushoto, na Kingolwira, usiku, kwa kitambaa cheupe, na awepo mtu wa kuandika watazamaji wanasema nini. Maafisa wa utamaduni wa wilaya wanaweza kuifanya kazi hiyo. Sisi tuliokuwa watoto wakati gari la senema la Wizara lilipokuwa likija vijijini tunakumbuka kwamba halikuhitaji jukwaa. Lilihitaji ukuta wa ghala na giza.

Hilo la lori nalo nalisema kwa sababu ya filamu za leo. Nikiulizwa orodha ya mwaka wa karibuni nitachagua mwaka 2021, kwa sababu mwaka huo tulipata mbili za maana. Ya kwanza kwangu ni "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Yasmin anaikimbia ndoa ya kuozeshwa kwa mzee, Denge anapambana na Mwingereza, na Unguja ya miaka ya 1950 inaonekana kwa macho ya watu wake, wala si kwa macho ya meja. Ina polepole yake, na kijana aliyezoea ngumi atasinzia mwanzoni, lakini asubiri. Ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwezi Septemba mwaka huo. Ya pili ni "Binti" ya Seko Shamte, visa vinne vya wanawake, kila mmoja na mzigo wake. Hii ilifika mpaka Netflix, jambo ambalo filamu yetu yoyote haikuwa imelipata kabla yake. Naiweka ya pili kwa sababu visa vyake havilingani. Kimoja kinakuuma na kingine kinapita kabla hujakijua. Lakini hakuna mjinga na mwerevu humo, na kwa hilo naishukuru.

Zote mbili niliziona kwenye simu ya mwanangu, tumeinamiana vichwa kama watu wanaotafuta sindano. Toronto wamekaa ukumbini wakaiangalia Unguja kwenye kitambaa kikubwa. Mimi, mtu wa Mkoa wa Tanga, ambaye nikipanda juu ya mlima siku isiyo na ukungu natazama nyika inayokwenda mpaka pwani, nimeiangalia katika kioo cha upana wa kiganja. Mkoloni wa mwaka 1935, pamoja na mabaya yake yote, alijua kwamba filamu ya wakulima ni lazima iwafuate wakulima. Alipakia lori. Sisi tuna filamu zilizo bora mara kumi kuliko zake, zimetengenezwa na watu wetu kwa lugha yetu, na barabara ya kutoka Mombo ina lami. Kinachokosekana ni lori.

Mwisho nawaomba wasomaji wenzangu. Kama yuko msomaji wa Vugiri, Bungu, Dindira, Ambangulu au Korogwe ambaye babu yake au bibi yake aliwahi kusimulia kwamba alipigwa picha na Wazungu wa senema kabla ya vita vya pili, au alisoma maneno kwenye santuri, au aliwabebea mizigo tu, tafadhali aandike katika ukurasa huu jina la mzee huyo na kijiji chake, na alichokuwa akifanya mbele ya kamera.

Msomaji wako,
Soni, Lushoto